Potasiamu ya Wifi

4 Februari

Wifi,

Salamu zako nimezipata. Kaka yako alizitoa mfukoni pamoja na risiti za dizeli na nusu ya kitana. Mimi mzima, watoto wazima, nyanya ndizo zinazoumwa.

Nakuandikia, sikupigii. Ya simu mtu huyakana asubuhi yake. Ya karatasi, ukiyakana, mwandiko wako mwenyewe unakucheka.

Ni hivi. Majani ya nyanya yanaungua pembeni, kuanzia ya chini kwenda juu. Tunda likiiva linaiva mabaka, huku jekundu, huku kijani kibichi karibu na kikonyo. Bibi shamba alichukua udongo akaenda kuupima, akarudi na jibu: potasiamu imekwisha. Nikamwambia basi namwaga majivu. Akanishika mkono. Anasema udongo wangu umeshanywa majivu miaka na miaka, nikiongeza tena madini mengine yatafungika humo humo yasifike kwenye mizizi. Mboji ninayo, lakini peke yake haitoshi.

Kwa hiyo nataka potasiamu ya madini. Kikundi chetu cha kilimo hai kinakubali iliyochimbwa ardhini ikasagwa, basi. Iliyopikwa kiwandani, hapana. Na ile ya kloridi iliyojaa kila duka, hapana mara mbili.

Unajua sisi tunakaguana wenyewe kwa wenyewe. Msimu huu mkaguzi wangu ni jirani wa mpakani, Mama Darubini, ambaye nikipiga chafya ananiambia pole kabla sijamaliza. Sheria ni mbili. Kitu kibaya kikiingia kwa kosa la mtu wa nje, na ukajisema mwenyewe, linatengwa tuta lililoguswa, yanaisha. Kikiletwa na mtu wa nyumba yako, bustani nzima inatolewa misimu mitatu, alama ya kilimo hai inang'olewa getini, na jiko la hospitali, mnunuzi wangu mkubwa, halichukui kwako hata kitunguu. Wifi, bustani hii ndiyo inayotulisha. Mshahara wa dereva unaujua, hufika nyumbani umeshachoka.

Wewe umo kwenye stoo ya pembejeo, una macho na una masikio. Nitafutie. Ila nakuomba huku nimekodoa macho. Ile cherehani uliyonitumia, isiyo na sindano wala mguu, bado inanitazama pale kwenye kona.

Ni mimi,
Wifi wa Bustani


9 Februari

Wifi mpenzi,

Umeniomba msaada kama trafiki anavyoomba leseni. Hata hivyo nimesikia.

Cherehani ilikuwa na mguu na sindano nilipoifunga. Muulize aliyeibeba. Huyo aliyeibeba ni kaka yangu kwa damu na mume wako kwa hiari yako mwenyewe, kwa hiyo hapo sina kesi ya kujibu.

Nimeanza kutafuta. Hapa stooni kloridi imepangwa mpaka inagusa bati, nyekundu upande huu, nyeupe upande ule. Ndiyo inayotoka, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Salfeti nayo ipo, safi, inapendeza, na muuzaji aliyeileta aliapa kwa mama yake kwamba ni ya asili. Nikamwambia anionyeshe karatasi za kiwanda. Kumbe imepikwa kwa asidi. Mama yake nimemwonea huruma.

Nikatoka nikaenda mtaa wa nyuma kwa mzee wa mawe. Yeye ana unga wa jiwe la kijani, mlaini, anasema ukimwaga leo ardhi itakula mpaka vitukuu. Namwamini. Tatizo lake ndilo hilo hilo: nyanya zako zina njaa leo, na jiwe lile linapika chakula cha mwaka kesho kutwa. Nimeliacha.

Kuna mzigo mmoja bosi aliomwagizia mteja mkubwa wa kilimo hai. Ni chumvi ya mwambani yenye potasiamu na magnesiamu, imechimbwa, imepondwa, imetiwa kwenye magunia, hakuna aliyeipika. Hiyo ndiyo yenyewe. Inayeyuka upesi kuliko jiwe na haina ile kloridi ya kuunguza. Nitamwomba bosi gunia moja kwa jina langu, nisaini mimi. Bosi hapendi kuvunja mzigo wa mteja, kwa hiyo nivumilie.

Ila Wifi, kwa ulimi wako huo, mtu mwingine angekujazia gunia kokoto za hapa uani, akakushonea na lebo nzuri, akakuacha uzipalilie.

Wifi wa Stoo


12 Februari

Wifi,

Kokoto? Thubutu! Siku nitakapofungua gunia lako nikakuta kokoto, nakurudishia zote, na kaka yako nimemkalisha juu yake. Mtampikia huko huko kwenu. Sitanii.

Lebo nataka nione. Mama Darubini haangalii mmea, anaangalia lebo.

Na nakuuliza hili: kwa nini bahasha yako ilinata upande mmoja kama iliyofunguliwa ikagandishwa upya? Kama kuna jambo uliliandika ukalitoa, liseme tu.

Wifi wa Bustani


20 Februari

Wifi,

Bosi amekubali. Gunia linakuja na kaka, lebo imeshonewa mdomoni. Sura yake haivutii, usije ukanuna. Weka kidogo kidogo pembeni ya shina, mwagilia, subiri.

Bahasha nagandisha mara moja kama watu wengine wote. Usinitafute ubaya.

Wifi wa Stoo


2 Machi

Wewe,

Leo sikuiti wifi. Nimeipeleka barua hii posta kwa miguu yangu, kwa sababu ile yako ya mwisho nayo ilifika imegandishwa mara mbili, na sijui nyinyi ndugu wawili mnapikiana nini.

Gunia nimelipata. Lebo iko wapi? Kaka yako anasema ilidondoka njiani. Lebo iliyoshonwa inadondokaje? Anajibu huku ametazama ukuta. Na wewe uliandika sura yake haivutii. Haivutii! Nimefungua nimekuta kitu cheupe pee, kinang'aa kama sukari ya harusini. Hata uongo wako haukupata muda wa kukaa ukapangika.

Nilisita. Kaka yako akasimama nyuma yangu, weka mke wangu, weka, dada amehangaika. Nikaweka kwenye matuta mawili, la nyanya na la maharage linalofuata. Nilifuata maelezo yako, kidogo kidogo pembeni ya shina. Jumapili maharage yalikuwa yamejikunja. Leo ncha zake zimekauka, ukizishika zinavunjika kama mkate mkavu. Nikachukua punje moja nikaiweka ulimini. Chumvi! Chumvi kali ya kuchoma, na uchungu nyuma yake.

Nikamwita bibi shamba. Akatia punje kwenye maji, akadondoshea dawa yake ya kupimia, maji yakawa maziwa. Akanitazama kwa huruma, na mimi huruma ya bibi shamba naiogopa kuliko hasira yake. Ni kloridi.

Nimekukosea nini? Kama ni yale ya msiba wa mama mkwe, kwamba mimi ndiye niliyebaki na bustani na wewe ukabaki na picha, si ungesema? Ungeniambia usoni, tukagombana tukaisha. Umengoja mwezi wa ukaguzi! Ukaguzi ni wiki ijayo. Nimekaa jikoni nimeshika kichwa, watoto wananiuliza mama umefiwa na nani.

Nijibu kwa posta.

Mke wa kaka yako


6 Machi

Wifi, maana mimi bado nakuita,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nimelia, halafu nimekasirika, na sasa naandika nikiwa katikati.

Kitu ulichopokea sicho nilichotuma. Nilichotuma ni cha kijivu, kina vipande vipande, kichafu cha sura. Ndiyo maana nilikuambia usinune. Ningekuwa nataka kukuua kwa kloridi ningekuambia inang'aa, si ndiyo? Mwongo gani anatangaza bidhaa mbaya kuliko ilivyo?

Hilo la bustani ya mama nalijibu mara moja, halafu tusilirudie. Ndiyo, niliumia. Nilizaliwa kwenye nyumba ile, na siku ya kugawana nilipewa picha ya ukutani nikaambiwa asante. Lakini mama alikufundisha wewe kupandikiza, hakunifundisha mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nakimbia matope. Kuumia nimeumia, kukuharibia sijakuharibia. Hayo ni mambo mawili.

Nijibu moja tu. Mdomo wa gunia ulifungwaje? Mimi nililishona kwa mashine ya hapa stooni, uzi wa kijani, na lebo imo ndani ya mshono. Angalia vizuri, uniandikie ulichokiona. Na usifanye lolote kabla hatujajua.

Wifi wa Stoo


10 Machi

Wifi,

Barua yako imefika, ila nilikuwa nimeshafanya.

Ningefanyaje? Mama Darubini alipita kwenye ua, akasimama kwenye maharage, akasema "Mh," akaenda zake. Wewe humjui. "Mh" ya yule mama ni hati ya mashtaka. Nikaona akinitangulia kwa mwenyekiti wa kikundi nimekwisha. Nikakimbia mimi. Nikaitisha kikao, nikajisema mbele ya watu wote kwenye banda la kupangia mboga.

Nimekutaja. Nimesema wifi yangu wa mjini ndiye aliyeniletea, kutoka stoo ya pembejeo, kwa jina la kilimo hai. Wakauliza, huyo wifi anaishi kwako? Nikasema haishi kwangu. Anakula kwako? Nikasema hata siku moja. Wakaandika mtu wa nje. Matuta mawili yametengwa, yamezungushiwa kamba, bustani imebaki na alama yake. Mwenyekiti akasema lazima stoo yenu nayo iandikiwe, isije ikawauzia wengine. Sikuweza kumzuia. Nilisema pole pole jamani, lakini kalamu ilikuwa imeshaanza.

Unasema sicho ulichotuma. Basi kimegeukia wapi, hewani? Na hilo la mdomo wa gunia, gunia lilifungwa kama magunia yote yanavyofungwa. Usinipoteze kwa mambo ya uzi.

Usinione mbaya sana. Nina watoto.

Wifi wa Bustani


19 Machi

Wifi,

Barua ya kikundi chenu imefika. Imepigwa muhuri vizuri, hongereni. Bosi aliisoma kwa sauti mbele ya wapakiaji. Halafu akanyoosha kiganja, nikaelewa, nikamkabidhi funguo za stoo. Sasa nakaa kwenye benchi nje ya ofisi, nimeambiwa nisubiri mpaka mwisho wa mwezi, ndipo atakapoamua. Wapakiaji wananipita wakinisalimia kwa adabu, adabu ya msibani. Saini ni yangu, gunia nililitoa mimi, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Nikiwa pale kwenye benchi nilipata muda wa kusoma barua zako zote upya. Ikanishtua moja. Wewe, Wifi, ni mtu wa kunieleza mpaka uchungu ulioko nyuma ya chumvi. Umeniambia ukuta aliokuwa anautazama mumeo. Nikakuuliza mdomo wa gunia ulifungwaje, ukaniambia kama magunia yote. Ala! Maneno yalikuishia siku hiyo?

Basi juzi kaka alipoingia uani kupakia, nilimfuata mpaka kwenye mlango wa lori, nikashika kioo. Nikamwambia, gunia la mkeo ulilifunga na nini?

Akasema, "Na mpira wa tyubu, kwani...?" Uso ulimshuka kama turubai lililokatwa kamba.

Nilivyofikiri mimi, na najua ungefikiri hivyo hivyo, ni kwamba kuna mwanamke mahali fulani kapewa gunia lako, ana bustani inayopendeza. Ningemtoa macho. Haikuwa hivyo. Afadhali ingekuwa hivyo, tungemchukia tukapumzika.

Kaka anasoma barua zetu, Wifi. Zote tulizompa abebe. Anazifungua kwa mvuke wa birika njiani anapopumzika, halafu anagandisha na gundi ya viraka. Nikamuuliza kwa nini. Anasema, "Nyinyi wawili mkiandikiana mimi silali. Nataka nijue vita imeanza au bado."

Akasoma nilipokutania habari za kokoto. Akasoma ulipojibu kwamba utanirudishia kokoto zangu na yeye juu yake. Akasoma niliposema sura yake haivutii. Sasa yuko njiani, mvua inanyesha, lori limezama kwenye tope, anashuka anafungua gunia ahakikishe. Anaona vipande vya kijivu. Wifi, kaka yangu aliamini kabisa kwamba nimekutumia kokoto kweli, na kwamba jioni ile anafukuzwa nyumbani kwake.

Nikamwambia, "Utani ule! Mawifi wanataniana tangu dunia ianze!"

Akasema, "Mimi nitajuaje? Hamjawahi kucheka mkiwa pamoja."

Akaimwaga potasiamu yote chini ya matairi. Gari likatoka, anasema tena lilitoka vizuri sana. Akang'oa lebo kwa sababu eti lebo ya kokoto ingemuumbua. Duka la kwanza alilolikuta mbele akasema nipeni potasiamu nzuri, safi, ya kumpa mke. Wakampa nyeupe. Akaona hiyo ndiyo ya heshima. Akaitia kwenye gunia langu, akalifunga kama anavyofunga kila kitu.

Alikuwa analia, Wifi, huku ameshika usukani wa gari lililozimwa. Anasema alitaka tu mpendane.

Sasa nisikilize. Bosi sijamwambia. Ningefungua mdomo tu, funguo zingerudi. Lakini nikisema ni kaka, barua inarudi kwenye kikundi chenu: kloridi imeletwa na mtu wa nyumbani. Sheria yako ya pili naikumbuka, uliniandikia mwenyewe. Kaka nimemkataza asikuambie, nimetaka uyasikie kwangu. Kwa hiyo nimekaa kwenye benchi, nimenyamaza.

Ila nataka kujua kitu kimoja, na usinijibu kama magunia yote. Mpira ule wa tyubu, na fundo lile analolivuta mara mbili, unalifungua wewe kila akirudi na mzigo. Ulipolikuta kwenye gunia langu, ulijua?

Wifi wa Stoo


27 Machi

Wifi yangu,

Nililijua fundo.

Nililitambua kabla sijalifungua. Nikajiambia mengi. Kwamba labda na nyinyi mnafunga hivyo. Kwamba labda alilikaza tu njiani. Halafu kwenye kikao waliponiuliza nani kaleta, nilikuwa na majina mawili mdomoni, lako na lake. Lako lilikuwa linaniachia bustani. Nikalisema. Na nililisema kwa sauti, Wifi, kama mtu mwenye uhakika. Hukumwona Mama Darubini alivyonitazama. Alinitazama mdomo muda wote.

Barua yako niliisoma bandani peke yangu. Kaka yako aliporudi nilimwekea chakula, akala, nikamwambia nimejua. Akaacha kijiko. Nikangoja nimtukane, nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, hayakuja. Nikamuuliza tu, kwa nini hukuniuliza? Akasema, "Nyumba hii kuuliza ni kesi." Hilo limenikaa kifuani mpaka sasa. Ni kweli. Mimi mtu akiniambia habari za asubuhi nataka kujua ametumwa na nani.

Sikulala na jambo hilo siku ya pili. Nikaomba kikao kingine. Mwenyekiti akasema la matuta limeshakwisha, mama, unataka nini tena? Nikasema halijaisha. Nikasimama pale pale niliposimama siku ile. Nikasema kloridi haikuletwa na wifi yangu. Wifi yangu alituma yenyewe, iliyochimbwa, na iko barabarani chini ya tope. Aliyeleta hii ni mume wangu, na mimi nilishuku siku ile ile nikanyamaza.

Kaka yako alikuwa amekaa nyuma, kwenye makreti. Akanyanyuka, kofia mkononi, akasema, "Ni mimi. Msimhukumu kwa fundo langu." Mtu mmoja akacheka, wengine wakamnyamazisha.

Nilitegemea Mama Darubini angefurahi. Alisema sheria isomwe, ikasomwa. Alisema wanaounga mkono wanyooshe mikono, na wa kwanza kunyoosha alikuwa yeye. Halafu jioni akaja getini na nyundo yake mwenyewe, akanisaidia kung'oa alama, kwa sababu misumari ilikuwa na kutu. Akasema, "Mh." Hii sikuielewa maana yake.

Kwa hiyo sina alama, misimu mitatu. Jiko la hospitali limeshaleta ujumbe. Jumamosi nilikaa sokoni chini, pamoja na wauzaji wa kawaida, nyanya zangu ziko kwenye beseni kama za mtu yeyote, na kila anayepita anaziminya. Nililia kidogo, nikauza zote. Watoto wamekula. Tutaona.

Barua ya kikundi kwa bosi wako imeandikwa. Nilisimama juu ya mwandishi mpaka akamaliza. Inasema stoo yake haina kosa na mtunza stoo wake hana kosa. Nimeibandika mwenyewe na nimeipeleka posta mwenyewe, kaka yako nikamwacha nje ashike mwavuli.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uniambie tu kama funguo zimerudi. Na udongo wangu bado una njaa ile ile, alama iwepo isiwepo. Ukiweza, niombee bosi gunia jingine. Sina mkaguzi tena, lakini ya kloridi siitaki ndani ya ua wangu.

Ni mimi,
Wifi yako


3 Aprili

Wifi,

Funguo zimerudi. Bosi hakuomba radhi, ameniletea soda, ndiyo lugha yake. Nimesoma barua yako. Nimekasirika tena, tena sana, na nimeona ni heri nikukasirikie nikiwa mbele yako.

Gunia jingine nimepata. Nimeshona mdomo mara mbili. Kaka aliposikia alisema lori liko wazi, gunia atalipitisha nyumbani. Nikamwambia asiliguse, asilitazame, asiliote.

Nakuja nalo mwenyewe Ijumaa kwa basi, na wamekataa kuliweka kwenye buti, kwa hiyo nitalikalia njia nzima. Chemsha maji, tuna ugomvi wa kumaliza. Na kama kuna kazi ya matope, safari hii niachie kidogo, nijifunze.

Wifi yako